Elfu Kumi ya Mzee Romanus

Kanuni yangu nilikuwa nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, ndani ya steshenari ya dada Rejoice, hapa Makambako, jirani na stendi. Niliitunga mwenyewe. Niliichapa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ngumu, nikaitia nailoni ili vumbi la malori lisiiharibu.

Faili liko tayari, mezani linakungoja,
Lipa yote kwa hiari, isibaki hata moja.

Siku ya kwanza Rejoice alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Isibaki hata moja nini?"

"Shilingi."

"Haijaandikwa shilingi."

"Inaeleweka, dada."

"Sadock, mteja ukimwachia upenyo wa kutoelewa, anapita na baiskeli yake."

Nilimweleza kwamba mizani imetimia, nane kwa nane, vina vimekaa, na kwamba mtu asiyeelewa mishororo miwili hana sababu ya kutengenezewa nembo. Akarudi kwenye mashine yake ya fotokopi.

Kanuni ile haikutoka hewani. Mwaka uliotangulia alinijia bwana mmoja aliyekuwa na mpango wa kuuza maji ya chupa. Nikamtengenezea nembo, lebo na bango. Akaomba nimpe faili mara moja tu, amwonyeshe mchapaji, Jumatatu atalipa. Jumatatu zimepita nyingi. Siku moja nikaiona lebo yangu dukani, imezungushwa kwenye chupa, na buluu yake ileile niliyoitafuta siku mbili. Nikanunua chupa moja kwa shilingi mia sita, nikanywa. Yalikuwa maji ya kawaida.

Fundi nguo asipolipwa anabaki na suruali. Seremala anabaki na kitanda. Mimi faili likishatoka nabaki na faili lilelile, na hakuna mtu mwingine duniani anayelitaka. Kwa hiyo baada ya yale maji nilikata shauri. Nusu ya malipo kabla sijawasha kompyuta. Sampuli yenye neno HAIJALIPIWA, limelala mshazari kila ukurasa. Kisha salio lote, kisha faili. Kwa utaratibu huo nilikaa mwaka mzima bila kudhulumiwa. Wateja nao walipungua, lakini hilo ni jambo jingine.

Mzee Romanus alikuja mwezi wa tano, kutoka Uwemba, ameletwa na mjukuu wake Judith, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Kitandililo. Alivaa koti zito na kofia ya sufu, na kwapani alikuwa na mfuko wa mbolea uliokunjwa vizuri. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari na picha za zamani.

"Kamwene."

"Kamwene, babu. Karibu."

"Wewe ndiye unayechora vitabu?"

"Ndiye."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Gideoni, Kitandililo. Sisi ni wa usharika wa pale."

"Walutheri."

"Ndiyo, babu."

"Hakuna ubaya," akasema, akakaa.

Mwezi wa sita alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa na Bibi Oktavia. Kutakuwa na misa Uwemba, kisha chakula nyumbani, na kila mgeni alitakiwa aondoke na kijitabu cha kurasa ishirini na nne chenye habari za nyumba yao. Alikuwa amekwisha kukiandika chote kwa mkono, kalamu ya bluu, mistari imenyooka kama matuta. Kazi yangu ilikuwa kukipanga, kusafisha picha na kukiandaa kwa ajili ya mchapaji. Tukakubaliana laki moja na sitini.

Kabla ya kutoa kianzio alivaa miwani akaisoma kanuni yangu, midomo ikicheza.

"Hii umetunga wewe?"

"Mimi, babu."

"Imekaa vizuri. Ina haraka, lakini imekaa vizuri."

Akahesabu elfu themanini mezani. Sikupenda lile neno la haraka, ila hela ilikuwa kamili.

Nilifanya kazi ile kwa wiki tatu, na niseme ukweli, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Picha ya harusi ya mwaka 1975 ilikuwa imeliwa na mende upande mmoja. Nikairudishia bega la bwana harusi kutoka kwenye bega lake jingine. Kilichonishinda kuelewa ni ukurasa wa kumi na tisa. Kichwa chake kilikuwa TUNAODAIANA NAO. Chini yake jedwali: jina, mahali, kilichobaki, mwaka. Hilario fundi paa, Uwemba, debe moja la mahindi, 1988. Tarsis jirani, siku mbili za kupalilia, 2001. Wa kwanza kabisa kwenye orodha walikuwa ukoo wa Bibi Oktavia, Matembwe, mbuzi mmoja wa mahari, 1975.

Nilimpigia Judith simu nikamwambia kwa heshima kwamba kwenye jubilei watu hawatangazi madeni. Akaenda kumuuliza babu yake, akarudi.

"Anauliza nani amesema."

Nikaupanga ukurasa. Nikauwekea na fremu ya majani ya mianzi.

Jubilei ilikuwa Jumamosi. Stanley, mchapaji wa Njombe mjini, alisema akipata faili Ijumaa saa nne asubuhi, jioni vijitabu mia na hamsini vitakuwa tayari; akilipata saa tano, asilaumiwe. Hivyo Jumanne ya wiki ile Mzee Romanus na Judith walikuja kumalizia malipo. Mzee alitoa bahasha, akahesabu elfu sabini, akazinyoosha, akanisogezea. Nikangoja. Akaifunga bahasha, ambayo bado ilikuwa nene, akairudisha ndani ya koti.

"Bado elfu kumi, babu."

"Najua."

"Kwenye bahasha umo uwezo."

"Umo. Hiyo nyingine ya Stanley, na hiyo ya mchele, na elfu kumi yako nayo imo."

"Sasa?"

"Hiyo tunaiacha."

"Tunaiacha wapi?"

"Hapo katikati. Kati yako na mimi."

Judith aliangalia dari. Rejoice aliizima mashine ya fotokopi ili asikie vizuri.

Mzee alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Kwamba mtu mmeanza naye vizuri, amekaa na picha zako wiki tatu, amemtengeneza mke wako na bega lako, huwezi kumlipa ukamaliza. Ukimaliza, mmemalizana. Atakuwa na sababu gani ya kuja kwako, na wewe ya kwenda kwake?

Habari za namna hiyo nilizijua. Kwetu pia mwanamume hamalizi mahari, na anayejaribu kumaliza wakwe wanamwuliza wamemkosea nini. Lakini mahari ni mahari na PDF ni PDF.

"Babu, mimi sijaoa kwako."

"Bado."

"Babu!" Judith akashtuka.

"Nimesema bado tu. Sijasema lini."

Nikasimama. Nilimwonyesha kanuni yangu kwa kidole, neno kwa neno. Nilimweleza habari ya maji ya chupa kuanzia mwanzo. Nilimwambia kwamba ningekuwa natoa kazi zangu zikiwa na mabaki, ningekuwa nimekwisha kurudi kulima viazi vya baba, na kwamba sifanyi hivyo kwa Mkatoliki wala Mlutheri wala kwa mkuu wa mkoa. Sauti yangu ilifika stendi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, jambo lililonichosha zaidi.

"Basi faili likae," akasema akiinuka. "Leo si Jumanne tu?"

Walipoondoka Rejoice aliniangalia.

"Elfu kumi, Sadock."

"Siyo elfu kumi. Ni kanuni."

"Kanuni inakula nini mchana?"

Jumatano asubuhi Judith alinitumia ujumbe. Babu anaomba marekebisho madogo, mstari mmoja tu, mwisho wa jedwali ukurasa wa kumi na tisa: Sadock wa Kitandililo, mchora kitabu, shilingi elfu kumi, 2025.

Niliusoma mara tatu. Rejoice aliusoma mara moja, kwa nyuma ya bega langu, akaenda nje kucheka. Nikapiga simu.

"Mwalimu Judith, mwambie babu siwezi kuandika deni ambalo sijalikubali."

Nikasikia akimwambia, na sauti ya mzee kwa mbali, na kuku.

"Anasema deni linakubaliwa na anayedaiwa. Anayedai huwa haulizwi."

"Judith, Stanley anataka faili keshokutwa saa nne."

"Najua. Na misa ni Jumamosi, na gauni nimeshona, na wajomba wa Matembwe wamekwisha kupanda gari. Unafikiri mimi sijui?" Akashusha sauti, nadhani alitoka nje. "Kaka Sadock, sikiliza. Nakutumia hiyo elfu kumi sasa hivi kwenye simu. Yangu mwenyewe. Babu asijue. Mstari wake uweke kama alivyosema, faili mpelekee Stanley. Kila mtu alale."

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Kanuni inasema lipa yote. Haisemi nani alipe. Nilifungua mdomo nikubali, na macho yangu yakaangukia ule mstari kwenye kompyuta, ambao nilikuwa nimekwisha kuuandika ili tu nione ungekaaje kwenye fremu ya mianzi.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ukinilipa, sidai. Nisipodai, ule mstari ni uongo. Watu mia na hamsini watarudi makwao na kitabu kinachosema namdai babu yako, na mimi hela ninayo mfukoni. Kazi yangu hiyo. Sichapi uongo kwenye kazi yangu."



"Nyie wawili," Judith akasema, "mngezaliwa mapacha mama yenu angepata tabu." Akakata simu.

"Umekataa hela?" Rejoice akauliza.

"Nimekataa."

"Nayo itungie shairi uibandike."

Alhamisi asubuhi nilitia kompyuta kwenye begi nikaenda Uwemba. Nilijiambia naenda kuchukua elfu kumi yangu ana kwa ana, mbele ya familia, ambapo mzee ataona aibu. Kutoka Njombe mjini kwenda kule ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na misonobari, na baridi ilikuwa ya mwezi wa sita, ile inayofanya hata mtu mwenye hasira aitie mikono kwapani.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wanamenya viazi uani, wanaume wanapasua kuni, wajomba wawili kutoka Matembwe wamekaa kwenye benchi wanasimamia kazi ambayo haikuhitaji kusimamiwa. Mzee Romanus alinipokea kama mtu aliyenitarajia.

"Umekuja kudai?"

"Nimekuja kudai, babu."

"Vizuri. Karibu ndani, kuna moto."

Jikoni, karibu na moto, alikuwa amekaa Bibi Oktavia. Nilikuwa nimemwangalia wiki tatu akiwa na miaka kumi na tisa, kwa hiyo nilishangaa kidogo kumkuta amezeeka. Aliniletea kiti mwenyewe, akaniwekea sahani ya maharage na viazi, akangoja nile. Nilikula. Hasira huwezi kuila pamoja na viazi vya moto. Ni lazima kimoja kisubiri.

Kisha akataka kuona kitabu. Nikafungua kompyuta mapajani, nikamwonyesha ukurasa wa kwanza, picha ya harusi, kubwa, safi, bega mahali pake. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Hapa usoni kwangu pameandikwa nini?"

"Haijalipiwa, bibi."

Alifikiri.

"Ni kweli," akasema. "Mbuzi mmoja."

Wale wajomba wawili, ambao walikuwa wametufuata ndani kwa ajili ya moto, waliitikia kwa kichwa. Mmoja wao, Ambrose, alisema, "Mweusi, mwenye doa jeupe. Ndivyo tulivyoahidiwa."

"Doa halikutajwa," Mzee Romanus akasema.

"Lilitajwa."

"Miaka hamsini nasema halikutajwa."

"Na miaka hamsini tunasema lilitajwa," Ambrose akajibu, na ilionekana wote wawili wameridhika.

Nikaona huo ndio wakati. Nikasema mbele yao wote kwamba nimeheshimiwa, nimekula, lakini kesho saa nne Stanley anataka faili, na faili halitoki mpaka elfu kumi yangu ilipwe, na kwamba mzee huyu hela anayo ndani ya koti alilovaa. Nilitegemea aibu. Walimgeukia Mzee Romanus kwa udadisi tu, kama watu wanaongoja kusikia bei ya mahindi.

Aliyejibu alikuwa Bibi Oktavia.

"Mjukuu wangu, wewe una dada?"

"Ninaye, bibi. Flora. Ameolewa Mufindi."

"Wamemlipia?"

Nikakiri kwamba shemeji alilipa yote siku moja, kwa benki, na baba alishindwa kujua aseme nini.

"Mmekwenda kumwona mara ngapi?"

Nilihesabu. Haikuchukua muda.

"Mimi nilitoka Matembwe nikaja huku simjui mtu," akasema. "Ng'ombe wawili, mbuzi watano, na mbuzi wa tano hakufika. Basi kila mwaka baada ya mavuno kaka zangu walikuja kumdai. Kwa miguu, wakati ule. Walikula, walilala siku mbili, wakamwuliza mbuzi yuko wapi, akawaambia mwakani. Na siku hizo mbili walikuwa wananiangalia. Nimekonda? Nacheka? Watoto wana viatu? Kuna mwaka mmoja walikuja wakanikuta vibaya. Mwaka ule hawakuuliza mbuzi kabisa. Waliuliza mengine."

Mzee Romanus alisukuma kuni motoni, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

"Angelipa mwaka wa kwanza," bibi akasema, "wangekuja kufanya nini?"

Nikajitetea, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Bibi, mimi yule bwana wa maji namdai mwaka mzima. Sijaona undugu wowote."

"Ulikwenda kwake?" Mzee Romanus akauliza.

"Nilimpigia simu."

"Simu," akasema, akiuambia moto.

"Alizima!"

"Ningekuwa yeye na mimi ningezima. Huna miguu? Anayedai ndiye anayekwenda. Unakwenda, unakaa, unakula chake, mke wake anakuona, watoto wake wanakuuliza jina. Akikushinda huyo, basi hakuwa mtu, na hata karatasi yako ya wino mwekundu isingekusaidia."

Akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa noti ya elfu kumi, akaiweka juu ya kompyuta yangu, kwenye vitufe.

"Mimi si mkaidi, Sadock. Watu wanasema, lakini si kweli. Hela yako hiyo. Chukua, tumemalizana. Ila ule mstari wa jina lako ufute wewe mwenyewe, kwa mkono wako, maana mimi kompyuta sijui."

Nikatoa noti pale kwenye vitufe, nikaishika. Nilifungua ukurasa wa kumi na tisa. Hilario, debe la mahindi. Tarsis, siku mbili. Mimi, wa mwisho. Nikapeleka mshale mwisho wa jina langu. Kufuta ni jambo dogo. Nafuta majina ya watu kila siku, wachumba wanaoachana, wagombea wanaojitoa. Herufi za Sadock wa Kitandililo hazizidi ishirini.

Wote walikuwa wanangoja, hata wanawake waliokuwa wanamenya viazi. Mlango ulikuwa wazi. Nilifikiri habari za Flora Mufindi, ambaye hakuna mtu anayemdai mumewe chochote. Nilifikiri pia kwamba nimepanga kurasa za watu zaidi ya mia nne tangu nianze kazi hii, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jina langu ndani yake, isipokuwa huu.

"Nitakuja kudai kweli," nikasema.

"Ndiyo kazi yako."

"Kila mwaka."

"Njoo wakati wa mvua. Mianzi inakuwa imeanza kutoa ulanzi, tutakunywa."

"Na sitadai kwa adabu. Mimi nina sauti."

"Tuliisikia Makambako," mzee akasema.

Nikamrudishia noti yake. Aliipokea bila kunishukuru, akairudisha ndani ya koti, na Ambrose akanisogezea kigoda cha karibu zaidi na moto, kana kwamba nilikuwa nimekaa mahali pa wageni kwa makosa.

Nikaanza kuondoa neno HAIJALIPIWA, ukurasa baada ya ukurasa. Nilipofika kwenye picha ya harusi Bibi Oktavia alinishika mkono.

"Hapo kwangu liache."

"Bibi, hilo ni neno la sampuli. Limepita juu ya pua yako. Kazi ikitoka hivyo nitachekwa mpaka Mbeya."

"Lakini ni kweli."

Tulijadiliana. Mwishowe nililiondoa, na chini ya picha, kwa herufi ndogo za mlalo, nikaandika: Oktavia na Romanus, 1975. Mbuzi mmoja bado. Alinitaka nimsomee. Nilimsomea mara mbili. Mzee Romanus alisema sawa, ila doa lisitajwe.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Njombe mjini kabla ya saa nne, mimi na mzee, tumeletwa na pikapu iliyokuwa inapeleka viazi sokoni. Stanley alipokea flashi bila kunyanyua kichwa, akaichomeka, akahesabu kurasa. Ni kijana safi, ana mashine mbili mpya na kiyoyozi ambacho Njombe hakina kazi. Akasema nusu sasa, nusu mtakapokuja kuchukua; ndio utaratibu wake, na mimi nilimwelewa kabisa.

Mzee Romanus alitoa bahasha akahesabu. Alihesabu nusu, hakuishia hapo, akaendelea. Nilikuwa namwangalia vidole, nikingoja mahali atakapokunja noti moja na kuirudisha ndani ya koti. Hakukunja. Alimaliza zote mpaka mia tano ya mwisho, akazipanga, akazisukuma juu ya kaunta.

"Mzee, umelipa zote?" Stanley akauliza.

"Zote."

"Ningependa wateja wote wawe kama wewe."

"Asante," mzee akasema.

Tulipotoka nje nilimshika mkono wa koti.

"Babu, Stanley humwachii hata kidogo?"

"Nani?"

"Stanley. Huyu anayekichapa kitabu."

Mzee Romanus aligeuka akaangalia ndani kupitia kioo, kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka uso.

"Yule hapana," akasema, akaanza kutafuta mahali pa kunywa chai.

Nilibaki pale mlangoni kidogo. Stanley alikuwa anazihesabu hela zake kwa mara ya pili, zote, hakuna hata shilingi iliyopungua, na alikuwa anatabasamu. Nikamwonea huruma.